Nyimbo Zilizokatwa Kichwa

Naanza kwa kusema wazi: Sumaili Cheche alipiga gitaa kwa miaka saba tu. Miaka mingine yote alikuwa anatafuta chakula. Ukitaka kubishana nami, kibanda changu kiko Kasongo, nyuma ya soko, chini ya paneli mbili za jua, na kiti cha kubishania kipo. Wengi wamekikalia na wote wameinuka wamenuna.

Kwa asiyemjua, Sumaili alikuwa mtu wa kwetu Maniema. Alipiga roki kwa Kiswahili kabla watu wa huku hawajajua roki ni nini, akatoa albamu hamsini na tatu. Sisi wapenzi wake tunazigawa kufuatana na picha za kwenye kaseti. Kuna wakati wa Nywele, alipokuwa kijana mwenye nywele zilizosimama, gitaa lake likipita kwenye spika aliyoichana kwa wembe makusudi ili lingurume. Kuna wakati wa Kofia, alipokwenda Kinshasa akavaa kofia nyeupe, akaweka wasichana wanne wa kuitikia na kinanda kinacholia kama mbuzi. Na kuna wakati wa Kiti, alipozeeka, akawa anakaa kwenye kiti cha mbao na kuongea dakika tano nzima kabla hajagusa uzi hata mmoja.

Mimi ni wa Nywele. Ni prezida wa Nywele, Kasongo nzima, na tuna mhuri. Watu wa Kofia hawana mhuri. Watu wa Kiti hawana hata haya.

Sababu yangu si siri. Gitaa la pili katika nyimbo zote za Nywele, lile linalofuata nyuma na kumsukuma Sumaili kila anapotaka kupumzika, ni la kaka yangu Nathanaël. Aliondoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na moja, akaingia bendi, na tangu hapo tulikuwa tunamsikia kwa kaseti. Vita vya kwanza vya nchi yetu viliikuta bendi Kalemie. Ikatawanyika. Mwaka uliofuata Sumaili akaonekana Kinshasa, na kofia kichwani. Nathanaël hakuonekana popote.

Hakuna aliyekuja kutuambia amekufa, na hakuna aliyekuja kutuambia yu hai. Mama yetu, Mama Marie-Thérèse, alikaa miaka karibu thelathini bila kulia kilio cha mwanawe, kwa sababu huweki matanga kwa mtu ambaye labda yuko njiani anakuja. Kila Krismasi aliweka sahani moja zaidi. Ndiyo maana kwa Sumaili nilitaka kitu kimoja tu: kukaa naye uso kwa uso nimuulize, kaka yangu umemwacha wapi? Nilimwandikia barua tatu. Sikujibiwa. Huyo wa Kofia na wa Kiti kwangu alikuwa mtu aliyerudi peke yake, na sikutaka kumsikia.

Sasa kazi yangu. Nachaji simu za watu, na natia muziki kwenye kadi zao ndogo. Mtu analeta kadi, anasema anataka nini, mimi natoa kwenye kompyuta na kumtilia. Kwa miaka mingi nilikuwa na kibao mlangoni: NYIMBO ZA KITI HAPANA. Watu walicheka, wakanitukana, wakaenda kwa wengine. Mwaka juzi nikaona wanakwenda wengi mno, nikakishusha. Lakini sikushindwa hivihivi. Nilizikubali nyimbo za Kiti kwa sharti langu: nilizikata kichwa.

Kukata kichwa ni hivi. Kwenye kompyuta wimbo unaonekana kama mstari. Mahali pa maneno mstari ni mwembamba, mahali pa muziki ni mnene. Mimi sikusikiliza. Nilitazama kwa macho wembamba unaishia wapi, nikakata pale, nikatupa. Dakika tano za soga za mzee zinaondoka, wimbo unaanza na gitaa, na kadi inabeba nyimbo nyingi zaidi. Wateja walifurahi. Nilikata albamu kumi na nne kwa siku mbili. Kasongo nzima leo inapiga Kiti yangu isiyo na kichwa.

Aliyenisumbua kwa jambo hilo ni mmoja tu, Faradji.

Faradji ni dereva wa pikipiki wa Kabambare. Kila Alhamisi anafika Kasongo na abiria na madumu ya mawese, tope hadi magotini, na spika ndogo imefungwa kwenye usukani inapiga Kiti njia nzima. Ni mdogo wangu kwa miaka kama kumi, lakini mdomo wake ni wa mzee. Alikuwa anachaji simu kwangu kwa sababu umeme wangu ni mzuri, na ananichukia kwa sababu nyingine zote. Nami nilimlipa chuki yake bila kubakiza.

Siku ya kwanza aliposikia wimbo uliokatwa, alisimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa adabu ya huku.

"Yaya Magloire, hii wimbo mwanzo yake iko wapi?"

"Nimetupa."

"Umetupa maneno ya muzee?"

"Muzee akitaka kuongea, aende redioni. Hapa tunauza muziki."

"Sikiliza kwanza mwanzo ya ile inaitwa Mzigo," akasema. "Iko na mambo yenu mule."

Nilifikiri ananichokoza. Mambo yetu ni mambo gani? Watu wa Nywele tulikuwa tumetukanwa na wa Kiti vya kutosha. Nikamwambia kwao Kabambare muziki unafika kwa pikipiki kama samaki, umeshaoza, na wao wanasema ni ladha. Watu waliokuwa wanangoja simu zao wakacheka sana, na Faradji akaondoka bila simu yake.

Alirudia mara ya pili, nikaongeza sauti ya redio. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa sita mwaka jana, soko limejaa. Alikuwa ameshika simu yake mbele, wimbo tayari, akaanza kusema, "Yaya, kuna jina mule..." Nikamnyang'anya simu, nikaizima, nikamwambia mama yake ndiye angemfundisha kwanza kusikiliza muziki kabla ya kumfundisha kuongea. Ni neno baya kumwambia mtu. Mama yake alikuwa amekufa mwezi uleule, na mimi nilijua.

 Alichukua simu yake na tangu siku hiyo hakuniambia tena chochote kuhusu Mzigo. Nikajiona nimeshinda.

Mwezi wa tatu mwaka huu, habari ikafika: Sumaili Cheche amefariki Lubumbashi.

Nitasema nilivyojisikia. Sikumlilia. Nilikasirika, nikapiga teke dumu la maji, kwa sababu mtu wa mwisho aliyejua alikomwacha kaka yangu alikuwa amejifia kitandani mwake bila kuulizwa. Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa anachambua maharage uani. Alisema, "Mungu amupokee," akaendelea kuchambua. Nilishangaa alivyotulia, nikasema moyoni uzee umemchosha.

Jumapili baada ya misa wapenzi wote wakaja kwenye kibanda. Tulitaka kupanga alasiri moja ya kumkumbuka, katika ua wa shule, na spika kubwa za kukodi. Mafuta ya jenereta yalikuwa ya saa tatu tu. Ilibidi tukubaliane tupige wakati gani.

"Hakuna cha kukubaliana," nikasema. "Ni Nywele, saa zote tatu."

Soraya akacheka kwa pua. Soraya anauza mikate ya kukaanga mbele ya kibanda changu, na ndiye mkubwa wa Kofia, mhuri awe nao asiwe nao.

"Nywele!" akasema. "Wewe Magloire unapenda kelele kwa sababu hakuna mwanamuke alikubali kucheza na wewe. Mutu anacheza nini kwa Nywele? Anatetemeka tu kama mwenye malaria. Sisi tuliolewa na Kofia. Watoto wetu walibatizwa na Kofia."

"Na kile kinanda?"

"Kinanda iko na nini? Wewe sauti yako ni mbaya kushinda kinanda, na tunakuvumilia."

Watu wakapiga makofi. Nikamwambia Kofia ni muziki wa watu wanaokula kwenye harusi wasizoalikwa. Akaniambia afadhali wao wanakula. Mzee mmoja akajaribu kusema tugawe, saa moja kwa kila wakati. Sote wawili tukamkemea.

Faradji alikuwa amesimama nyuma, ameegemea pikipiki yake. Hakuja kwa ajili ya simu siku hiyo. Ndiye aliyesema kwa sauti ya chini:

"Wakati wa Nywele alipiga gitaa. Wakati wa Kofia alichezesha watu. Wakati wa Kiti alisema ukweli. Mutu akikufa tunapiga kelele yake, ao tunasikia maneno yake?"

"Vidole vikichoka, mdomo unaanza," nikasema. "Alikaa kwenye kiti kwa sababu hakuweza kusimama, na aliongea kwa sababu hakuweza kupiga. Nanyi mnaita ukweli! Kasongo hapa hakuna anayejua hata neno moja la zile soga, na hakuna aliyekosa usingizi."

"Hawajui sababu umekata."

"Nimekata, na nitakata tena. Nimewaokoa masikio."

"Sikio la kufa halisikii dawa," akasema Faradji.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwita mwana wa njia, msafirisha uvumi, mtu anayekuja kula umeme wa Kasongo na kuitukana. Nikamwambia aende akamlilie mzee wake wa kiti huko Kabambare, na asikanyage tena kibanda changu. Nilisema mengi. Nilikuwa natema mate.

 Faradji aligeuka, akawasha spika yake ya kwenye usukani, akatafuta kwenye simu, akaongeza sauti hadi mwisho. Nilivuka watu kwenda kuizima. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye spika Soraya aliponikamata kifundo cha mkono, na mikono ya Soraya ni ya kukanda unga tangu alfajiri.

"Leo utasikia," akasema. "Umetutukana sisi wote, sasa utasikia."

Ikatoka sauti ya Sumaili, ya uzee, yenye kikohozi. Nilikuwa sijamsikia akiongea tangu siku za kaseti.

"Hii wimbo si yangu," alisema. "Nilipewa na Nathanaël, mutoto wa Mama Marie-Thérèse wa Kasongo. Vita ilitukuta Kalemie. Wengine walipanda mashua, sisi wawili tukasema tutarudi kwetu na miguu. Tulitembea juma mbili. Tulipita Kabambare. Tulipofika Lusangi, homa ikamukamata, siku mbili tu. Watu wa pale walinisaidia kumuzika, nyuma ya kanisa, pale shamba ya mihogo inaanzia. Ilibaki kama siku nne tufike kwa mama yake. Sikufika. Niliogopa macho yake. Niligeuka nikarudi nilikotoka, na gitaa ya Nathanaël mukononi. Ile munasikia tangu siku hiyo, miaka yote ya kofia na miaka yote ya kiti, ni gitaa yake. Barua zilikuja kwangu, zinaniuliza. Nilisoma yote. Sikuwa na mukono ya kujibu. Mama, ikikufikia hii, unisamehe. Nathanaël, kamata."

Na gitaa likaanza, pale hasa nilipokuwa nimekata. Nilitambua mahali penyewe. Niliukumbuka ule mstari mwembamba kwenye kompyuta, na kidole changu.

 Soraya aliniachia mkono. Faradji alizima spika kabla wimbo haujaisha, akavaa kofia yake, akawasha pikipiki akaondoka. Hakunitazama hata kidogo. Mkutano ukavunjika wenyewe, watu wakaokota simu zao mezani kimyakimya, hata zile ambazo hazijajaa.

Nilikwenda nyumbani mbio, mtu mzima wa miaka arobaini na tano, watu wananitazama. Njiani nilikuwa napanga maneno. Utamwambiaje mama kitu kama hicho? Nilifikiri nimwite kwanza dada yangu Nadine kutoka Kabambare. Nilifikiri nimtafute padri. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye mkeka, anashona mfuko, na maneno yote yakanikimbia.

"Mama," nikasema, "Nathanaël alikufa. Amezikwa Lusangi."

Akaendelea kushona hadi mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Nyuma ya kanisa," akasema. "Najua, baba. Nilienda."

Sikuelewa. Nilimwuliza amekwenda lini, na nani. Akanieleza polepole, bila ukali, na afadhali angenipiga. Mwaka jana, mwezi wa sita, siku ileile niliyomtukania Faradji mama yake, kijana alitoka sokoni akauliza nyumba ya Mama Marie-Thérèse. Alikaa palepale kwenye mkeka akampigia Mzigo wote, mara tatu. Mwezi wa saba akampakia kwenye pikipiki. Mimi niliambiwa mama anakwenda kwa Nadine kuvuna karanga, nikamfungia nguo zake mimi mwenyewe. Waliteremka Lusangi. Wanawake wa pale walimwonyesha mahali, wakalala naye chini siku tatu, wakalia naye. Nadine alikuja kutoka Kabambare. Siku ya nne walinyolewa nywele, wakaoga mtoni, matanga yakaisha; alirudi kwetu na kitambaa kichwani, nami sikuuliza. Padri wa pale akasoma misa, na Faradji ndiye aliyebeba msalaba wa mbao kwenye pikipiki.

"Na mimi?" nikasema. Sauti yangu ilitoka ya mtoto. "Mimi ni ndugu yake, mama. Mimi ndiye mwana wa kiume niliyebaki. Kwa nini hamkuniambia?"

 Nilidhani atalia, lakini alikuwa ameshamaliza kulia, mwaka jana, bila mimi.

"Faradji alikuambia mara tatu," akasema. "Mimi vilevile nilikuambia, hapa hapa, nikasema Magloire kuna wimbo nataka usikie. Uliniuliza ni ya wakati gani. Nikasema ya Kiti. Ukasema mama, usiniharibie chakula." Akakunja ule mfuko. "Nikaona bora nimuzike mutoto wangu na watu wanaosikia."

Sikumbuki siku ile. Ndiyo inayoniuma zaidi, kwamba sikumbuki hata kidogo. Ilikuwa siku tu ya kawaida, nikala, nikaenda kazini.

Jumatatu asubuhi nilimfuata Faradji mahali wanapoegesha pikipiki. Alikuwa anafunga madumu. Niliomba msamaha kwa ajili ya mama yake, mbele ya madereva wenzake wote, kwa sauti ya kusikika, kama nilivyomtukana. Aliendelea kuvuta kamba. Kisha nikamwomba anifikishe Lusangi, nikasema nitampa anachotaka.

"Sikuchukui," akasema.

"Faradji, nakuomba."

"Mama yako nilimubeba kwa sababu yake mwenyewe. Wewe hapana." Akakaza fundo la mwisho, akapanda. "Yaya yako alikuwa anakuja kwenu na miguu. Enda na miguu."

Madereva wengine walisikia. Nilipowaomba wao, kila mmoja alitazama gurudumu lake.

Nikaenda kwa miguu. Nilifunga kibanda, nikachukua mkeka, nikapita njia ambayo pikipiki zenyewe zinalia, tope na magogo na vivuko vya miti miwili. Pikipiki ya Faradji ilinipita Alhamisi, ikielekea Kasongo, na haikupunguza mwendo. Siku ya tano nikaingia Lusangi, miguu imevimba. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo alinipeleka nyuma ya kanisa, akanionyesha msalaba, akakaa kando aniache nilie. Niliponyamaza akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia mdogo wake. Akashangaa, akasema mama na dada walikuja tangu mwaka jana, wakalala hapa, wakamaliza kila kitu, na walipoulizwa kama kuna ndugu mwingine walinyamaza. Akauliza wakati ule nilikuwa wapi.

Nilikuwa Kasongo, nikamwambia. Nilikuwa nabishana.